Mwanangu yumo kwenye picha 47, wa mwenzangu mbili tu

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga, kazi yangu ni uhasibu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwanangu mkubwa ana miaka 12, anacheza kiungo kwenye timu ya mtaa ya watoto wasiozidi miaka 13. Mwaka jana nilinunua kamera iliyotumika, Canon ya megapikseli 24, na lenzi ya milimita 55–250. Nilianza kumpiga picha yeye tu. Kocha akaziona, akaniomba niwapige wote, na tangu hapo nimekuwa mpiga picha wa timu bila kuajiriwa na mtu.

Mwezi Desemba tulikuwa na bonanza la likizo la siku mbili. Timu nane, wachezaji saba kila upande, vipindi viwili vya dakika 15. Sisi tulikuwa na watoto 16. Tulicheza mechi tatu za kundi siku ya kwanza, nusu fainali na fainali siku ya pili. Mbili za mwanzo tulishinda kwa taabu. Ya tatu tulishinda 5–0, na kocha alikuwa amewapumzisha wakubwa kwa sababu tulishafuzu.

Nilipiga RAW, yaani faili ghafi za kamera, kwa sababu niliambiwa ndizo zinazoharirika vizuri. Nina kadi moja ya GB 64. Usiku ule umeme ulikatika, sikuhamisha kitu. Kesho yake saa tisa alasiri, katikati ya nusu fainali, kadi ikajaa. Nikasimama palepale pembeni ya uwanja nikaanza kufuta za jana, nyingi za ile mechi ya tatu, maana niliona mechi ya 5–0 haina uzito. Nilifuta kama 300, nikaendelea kupiga.

Nyumbani nilikaa usiku nne hadi saa saba, kutoka picha 2,200 nikabaki na 214. Nikazituma zote kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Nilitegemea ahsante. Ahsante zilikuja, ila siku ya tatu mama mmoja akaandika mbele ya watu wote: "Nimehesabu. Mtoto wa mpiga picha yumo kwenye 47. Wangu yumo kwenye mbili, na zote kageuka mgongo." Wengine wakaweka vicheko, wengine wakanyamaza, na kunyamaza kwao ndiko kulikoniuma. Anti, sikumpendelea mwanangu. Nilikuwa nafuata mpira.

La pili ndilo zito. Fainali tulifungwa kwa penalti. Kipa wetu, ambaye kwenye nusu fainali aliokoa mikwaju miwili, aliketi mstarini akalia. Nilimpiga picha. Glavu ni za kaka yake, zimemzidi, kidole gumba cha glavu kimekunjika kitupu chini ya jicho lake, na nyuma yake wale wa timu nyingine wanarukaruka wakiwa ukungu. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Niliituma pamoja na zile nyingine. Sasa kocha anaitaka kwenye bango la kuchangisha jezi mpya, anasema itawagusa watu. Baba wa mtoto amekubali. Mama yake, ambaye ni jirani yangu, amenifuata mlangoni akaniomba niifute. Mtoto mwenyewe hajaonekana mazoezini wiki nzima, sijui kama ni kwa sababu hiyo.

Kuna na mzazi mwingine aliyeniambia pembeni "nimng'arishie" binti yake kidogo kwa sababu katoka mweusi sana. Nilimng'arisha. Sasa wawili zaidi wameomba.

Mume wangu anasema niiuze kamera, amani irudi. Kocha anasema baada ya Pasaka kuna bonanza lingine. Nifanyeje? Nitume picha zote 2,200 kila mtu ajichagulie? Niache kabisa?

Mama Kiungo, Tanga

*

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa usiku nne.

Umeniletea mambo matatu ndani ya bahasha moja: hesabu ya yule mama, machozi ya kipa, na weusi wa binti. Yote yametokea baada ya filimbi ya mwisho, pale ulipokuwa peke yako na kompyuta ukichagua ipi ibaki, ipi itupwe na ipi irekebishwe. Kuiuza kamera kunaweza kukuletea usingizi, siwezi kukataa. Ila kabla hamjafika huko wewe na mumeo, tuitazame kazi yenyewe.

Tuanze na hesabu. Unasema hukumpendelea mwanao, na mimi nakuamini kwamba hukukusudia. Lakini "nilikuwa nafuata mpira" si jibu kamili. Kiungo anagusa mpira kuliko wote, na wewe unajua mwanao anakimbiaje, anageukia upande gani, lini ataomba pasi. Kidole chako kinabonyeza kabla yeye hajafika. Kwa mtoto usiyemjua kinabonyeza akishapita, na ndipo unapata mgongo. Kwa upande wa pili, yule mama naye amehesabu nusu. Kama mwanao alicheza sehemu kubwa ya dakika zote 150 na wa kwake alicheza 20, hawawezi kutoka sawa hata kamera ikishikwa na mgeni kabisa.

Halafu kuna jambo ulilolitaja mara mbili bila kuliunganisha. Mechi ya tatu kocha aliwapumzisha wakubwa. Maana yake waliocheza ni wa benchi. Na kadi ilipojaa, ulichofuta ni mechi ya tatu. Nahofia mtoto wa yule mama alikuwa humo. Mechi ambayo kwako haikuwa na uzito huenda ndiyo ilikuwa bonanza lote la mtoto yule. Sikulaumu, kadi imejaa na mpira unaendelea, mtu hufuta kinachoonekana chepesi. Ndiyo sababu wapiga picha wa michezo hukwepa kufuta uwanjani. Kioo cha nyuma cha kamera ni kidogo, juani hakionekani vizuri, na picha kali na picha iliyotikisika zinafanana mpaka uikuze.

Je, zinarudi? Kuna programu ya bure inaitwa PhotoRec inayoweza kufukua faili zilizofutwa kwenye kadi, mradi nafasi yake haijaandikiwa kitu kingine. Wewe ulifuta 300 ukapiga nyingine kama 300 juu yake, kwa hiyo nyingi zitakuwa zimefunikwa. Lakini kujaribu ni bure. Kama hujaitumia kadi tangu siku ile, usiiguse. Iingize kwenye kompyuta, na zile zinazofukuliwa zihifadhi kwenye diski ya kompyuta, kamwe si kwenye kadi yenyewe, maana utafunika unachokitafuta.

Na hizo 2,200 zilizobaki, zipitie upya, safari hii ukitafuta watoto badala ya picha nzuri. Chukua karatasi, andika namba 16 za jezi, weka kijistari kila unapouona uso wa mtoto. Ukiipa kila picha sekunde mbili, ni kama saa moja na robo. Karatasi hiyo itakuambia tatizo lilikuwa wapi. Mtoto mwenye vijistari 30 kwenye 2,200 na viwili tu kwenye 214 alipotea mezani, ulipokuwa unachekecha. Mwenye vijistari vitatu tu kwenye zote alipotea uwanjani. Dawa zake ni tofauti.

Ya mezani ni kupanga mizunguko. Mzunguko wa kwanza ni wa kutupa tu: fokasi imekosa, macho yamefumba, mpira haupo na hakuna uso. Usiikuze kila picha wala usianze kuhariri katikati, hapo ndipo usiku nne zinapokwenda. Kwenye Lightroom, programu ya kuchagua na kuhariri picha, herufi X inaweka alama ya kutupa na P ya kubakiza, na ukiwasha Caps Lock inasogea yenyewe kwenye picha inayofuata. Ukitaka cha bure, darktable au digiKam zinatosha. Kati ya picha nane za mkimbio mmoja bakiza moja, mbili zikizidi. Mzunguko wa pili ndio wa karatasi: hakikisha kila namba ina picha zisizopungua tatu za uso, hata kama hizo tatu si kali kama zile za mwanao. Kisha punguza za wenye nyingi. Picha 214 ni nyingi mno, mdogo wangu. Mzazi mwenye bando dogo hafiki hata ya hamsini. Sitini hadi themanini, zilizopunguzwa hadi pikseli 2,048 upande mrefu na ubora wa asilimia 80, zinafunguka haraka na simu haijai.

Ulilouliza la kutuma zote 2,200 lina mvuto wake, hakuna atakayesema ulichagua. Lakini utakuwa umetuma pia watoto wa watu wakiwa wamekunja nyuso, jezi zimepanda, kaptula zimeshuka. Kwenye uwanja wa watoto picha kama hizo hazikosekani, na kazi yako mojawapo ni zisionwe na mtu mwingine.

Ya uwanjani ni rahisi zaidi. Kabla ya mechi ya kwanza, asubuhi jua likiwa bado laini, waombe watoto wapite mmoja mmoja kivulini, picha tatu kila mmoja, uso na namba ya jezi. Watoto 16 ni picha 48, kama robo saa. Tayari hakuna atakayerudi nyumbani bila sura. Kocha akimwita mtu wa benchi, mfuate yeye kwa dakika tatu za kwanza, mpira uende utakakokwenda. Kipindi kimoja kaa pembeni ya goli la wapinzani ili watoto wako waje wakikutazama, maana ukikaa nyuma yao unavuna migongo.

Mipangilio: kasi ya shata 1/1000 ya sekunde, usishuke chini ya 1/500 hata wingu likitanda. Lenzi yako ikivutwa hadi 250 tundu lake la mwanga linafunguka mwisho f/5.6, liache hapo, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) iwe ya kujiendesha yenye kikomo cha 3200. Fokasi weka AI Servo ili imfuate mtoto anayekimbia. Bonyeza kwa mikupuo mifupi ya picha tatu hadi tano. Kamera za daraja hilo zikipiga RAW mfululizo hujaza kumbukumbu yake ya ndani ndani ya sekunde chache, kisha kitufe kinakuwa kizito na goli linafungwa ukisubiri. RAW moja ya megapikseli 24 ina takriban MB 28, ndiyo maana GB 64 iliishia kwenye picha 2,200. JPEG, picha ambayo kamera imeshaibana, ya ubora wa juu ni MB 8 hadi 10, kadi ileile inabeba zaidi ya 6,000. Kwa picha za kwenda WhatsApp, JPEG zinatosha, na unaweza kuiweka RAW kwa sura za asubuhi tu. Kadi mbili za GB 32 ni salama kuliko moja ya 64, kwani ikifa moja hujapoteza bonanza zima.

Sasa binti aliyetoka mweusi. Huenda mama yake ana hoja, ila ameiita jina lisilo lake. Saa nane mchana Desemba, jua la Tanga bado liko juu sana. Linamulika nywele na mabega, linaacha macho shimoni. Ongeza jezi nyeupe na anga nyuma, kamera inapima ule weupe, inadhani pamezidi mwanga, inapunguza, na uso unazama. Kurudisha uso ule si kumng'arisha mtoto, ni kusahihisha kosa la kamera. Uwanjani ongeza mwanga kwa theluthi moja hadi theluthi mbili za hatua (kipimo cha mwanga kwenye kamera), hata hatua nzima kama ana anga nyuma yake, ukichungulia jezi isipoteze mikunjo yake yote. Nyumbani inua vivuli kidogo kidogo.

Mahali pa kusimama patajulikanaje? Hapo zile sura za asubuhi zina kazi ya pili. Weka picha ya binti ya kivulini kando ya ile ya mchana. Uso ukifika rangi ile, simama. Ukivuka hapo umeanza kumpaka mtoto rangi ya mtu mwingine, na siku moja atajiona kwenye grupu akiwa mweupe kuliko dada yake akajiuliza nani aliona hakufaa alivyo. Wale wawili walioomba unaweza kuwaambia: "Nitaurudisha mwanga, rangi ni yake." Huyo wa kwanza, fikiria kama utaihariri upya. Sidhani mama yake atakasirika akiona macho ya mwanawe yanang'aa.

Nimeiacha ya kipa mwisho kwa sababu sina jibu jepesi.

Kwanza, mwenyewe umesema hujui kama mtoto haji mazoezini kwa sababu ya picha. Inawezekana ni penalti zenyewe, anaona ameiangusha timu. Inawezekana ni homa. Mama yake ni jirani yako, mlango uko wazi. Muulize hilo kabla ya yote, na uulize kama jirani, kamera ibaki nyumbani.

Kisha tenganisha mambo mawili yaliyochanganyika: kuwepo kwa picha na mahali inapokwenda. Uzuri wake siupingi, kile kidole kitupu cha glavu nakiona hapa nilipo. Lakini picha iliyo ndani ya albamu ya familia na picha iliyo kwenye bango la michango ni vitu viwili. Kwenye bango, mtoto analia mbele ya watu wasiomjua ili watoe fedha, na hakulia kwa kukosa jezi. Alilia kwa kufungwa. Kocha hana nia mbaya, anatafuta jezi, ila bango litakuwa linasema jambo ambalo picha haisemi.

Baba amesema ndiyo, mama amesema hapana, na mtoto hakuna aliyemuuliza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Sikutishi na sheria kwa jambo la mtaani. Nakuonyesha tu kwamba ndiyo ya mzazi mmoja haimalizi mjadala, hasa kwenye tangazo la kuombea fedha.

Njia ziko kadhaa. Unaweza kuifuta kila mahali: jirani atatulia, lakini huenda mtoto akikua akaitamani. Unaweza kuisafisha karatasini, moja tu, umpe mama yake ndani ya bahasha na kumwambia faili lingine halipo, au lipo na halitoki bila yeye. Unaweza kumsubiri mtoto atulie, ukae naye pamoja na mama yake, umwonyeshe kwanza akiokoa ile mikwaju miwili, kisha ndiyo hii, usikie atasema nini. Hatari ya njia hii ni kwamba mtoto wa umri huo mbele ya wakubwa hupenda kujibu wanachotaka kusikia. Ukiichagua, asiwepo kocha.

Kwa vyovyote, kwenye grupu picha haitaondoka yenyewe. WhatsApp inakuruhusu kufuta ujumbe kwa wote kwa kama siku mbili na nusu tu. Baada ya hapo huenda isifutike tena kwa wote, na hata ikifutika walioihifadhi kwenye simu bado wanayo. Waombe mmoja mmoja. Na picha za watoto ukizituma kama dokumenti ili zisipoteze ubora, jua kwamba taarifa za ndani ya faili huenda nazo, pamoja na mahali ilipopigwa kama simu au kamera ilikuwa inarekodi. Ziondoe wakati wa kuhamisha.

Kocha naye usimwachie mikono mitupu. Zile za nusu fainali ulizopiga baada ya kufuta, huenda mmojawapo wa mikwaju ile umo. Kipa hewani na glavu zilizomzidi ni bango pia. Glavu zenyewe zinaomba vifaa vipya bila mtu kutoa chozi. Mwonyeshe, uone atasemaje.

Kuhusu mumeo, nadhani hachukii kamera, anachukia saa saba ya usiku. Mwambie mizunguko miwili na picha 80 ni jioni mbili, halafu muone pamoja baada ya Pasaka kama hesabu hiyo imetimia.

Na yule mama wa picha mbili, usimjibu bado. Fungua hizo 2,200 na chochote PhotoRec itakachofukua. Ukipata hata tatu zenye uso wa mwanawe, zihariri kwa utulivu, mtumie yeye peke yake, umwambie ukweli wa kadi iliyojaa na mechi uliyoifuta. Usipopata, mwambie hivyohivyo, kisha umuulize mwanawe anavaa namba ngapi.